Mkuyu Ulioangukia Kijitoni

Dada zangu, sisi wa Unguja mto hatuujui sana. Tunajua bahari, tunajua kisima, tunajua mvua ikinyesha maji yanakimbilia kwenye mawe ya matumbawe na kupotelea huko. Vijito vyetu vingi vinazama ardhini kabla hata ya kuiona pwani. Zamani mtu angeniambia kwamba mti mmoja ukianguka ndani ya maji unaweza kuwanyima watu usingizi kwa wiki tatu, ningemcheka. Kwetu mti ukianguka watu wanagombania kuni.

Ngara imenifunza mengine. Baba watoto alihamishiwa huku kikazi, nami nikamfuata na watoto wawili, cherehani yangu na mabegi mawili ya khanga. Kutoka Dar es Salaam basi linakwenda mpaka mgongo unasahau kuwa ni wako. Ukishaingia wilaya ya Biharamulo unapita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, halafu Benaco, na vilima vinaanza kupandana. Huku ni juu, kuna baridi ya asubuhi, migomba kila upande, kahawa, maharage. Na kila baina ya kilima na kilima kuna maji yanayokwenda mahali.

Kijito cha kijijini kwetu ni chembamba. Wakati wa kiangazi mtoto wa miaka kumi anakivuka na viatu mkononi. Kinaingia mto Ruvubu, unaotoka Burundi. Ruvubu unakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda, na Kagera unakwenda kumwagika Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji yanakuwa Nile. Niliwahi kuwaambia watoto wangu kwamba povu la nguo zao lina safari ndefu mpaka Misri, na tangu siku hiyo mdogo hataki kufua mtoni. Anasema ni aibu.

Mkuyu ulianguka Aprili 2024, usiku wa mvua. Mnakumbuka masika yale, yaliyokuja juu ya mvua za El Nino, nchi nzima ilikuwa inalia maji. Asubuhi tukaukuta umelala, kichwa ng'ambo, mizizi upande wetu, shina nene kiasi kwamba nikisimama pembeni yake lilinifika kifuani. Wazee wanasema ulikuwepo tangu wao wadogo.

Mti kama ule hauanguki kwa upepo tu. Mimi si mtaalamu, lakini macho ninayo. Ukingo uliokuwa chini yake ulikuwa umeliwa na maji miaka kadhaa, mpaka mizizi ikawa inaning'inia kama vidole. Na ukingo uliliwa kwa sababu juu yake hapakuwa na kingine cha kuushika: mashamba yameteremka mpaka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto ziachwe. Mama mmoja mjane analima maharage hatua kumi tu kutoka kwenye maji. Sasa mwambie aache hizo mita 60, halafu umwonyeshe pa kulima. Kilima chote kina mwenyewe. Mimi nimeshindwa kumlaumu, na sitajaribu tena.

Kuna na habari ya zamani zaidi. Huku ndiko walikoingia wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache tu, na wote wale walihitaji kupika. Kuni zilitoka vilimani. Wengi walirudi kwao Desemba 1996, lakini mti haurudi kwa haraka ya binadamu. Majirani zangu wanaonyesha kwa mkono: pale palikuwa na miti, na pale, na pale. Miti mikubwa iliyobaki ni michache, na aghalabu iko bondeni karibu na maji. Ndiyo maana mkuyu ule ulikuwa na heshima yake. Watu walikuja kuutazama kama wanavyokwenda kumtazama mgonjwa.

Siku za mwanzo hatukuwa na wasiwasi. Watoto ndio waliofurahi kuliko wote, wakaugeuza daraja la kwendea skuli. Kwa nini wazunguke mpaka barabarani wakati kuna gogo? Mvua ikinyesha gogo linateleza kama sabuni, na chini maji yanapita kwa kasi. Mama zao tukapangiana zamu. Kila asubuhi wawili tunasimama pale na fimbo, si ya kuwapigia, ya kuwatishia. Zamu yangu ilikuwa Jumanne na Alhamisi.

Halafu maji yakaanza kupanda.

Nilidhani ni gogo lenye shina nene ndilo linaloziba. Sivyo. Chini ya shina maji yalikuwa yanapita vizuri tu. Matawi ndiyo yaliyofanya kazi. Chukua chujio la chai, limimine chai tupu, inapita. Weka majani, kisha majani mengine, kisha mengine, mwisho chai inafurika juu. Kijito kile kilileta migomba iliyong'olewa, mabua ya mahindi, nyasi, chupa za plastiki, viatu, mizizi, hata kigoda kimoja chenye miguu miwili. Kila kitu kilikamatwa na matawi, na udongo ukaja kujaza matundu. Baada ya siku kumi tulikuwa na ukuta. Nyuma yake maji yametulia kama bwawa, na yakaanza kutafuta njia nyingine.

Njia waliyoiona yalikuwa mawili. Ya kwanza ni shamba la yule mama wa maharage. Ya pili ni barabara. Pale barabara inapovuka bonde kuna kalvati, na maji yakaanza kula tuta lake kwa pembeni, kidogo kidogo, kila asubuhi unakuta pengo limeongezeka upana wa kiganja. Hiyo ndiyo barabara ya zahanati. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa na mimba ya miezi minane. Akafungasha vitu vyake akahamia kwa shemeji yake ng'ambo, ili siku ikifika asikute barabara haipo. Alinipa mbuzi wake nimtunzie. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa dhati, maana mwanamke wa huku hahami nyumba yake kwa mchezo.

Tena tulikuwa na Hanang kichwani. Tarehe 3 Desemba 2023, miezi minne tu nyuma, tope lilishuka kutoka mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya jirani, na ndani ya tope mlikuwa na mawe na magogo. Walikufa watu zaidi ya 80. Sote tuliona kwenye televisheni vijiko vikitafuta watu chini ya magogo. Bonde letu si mlima Hanang, najua. Lakini ukishaona picha zile, maji yaliyokaa nyuma ya magogo hayakupi usingizi.

Barua zilikwenda. Ofisi moja ikasema mto si wake, ni wa nyingine. Nyingine ikasema barabara ndiyo yake, mti si wake. Mtendaji wa kijiji alizunguka na faili lake mpaka viatu vikaisha, namhurumia mpaka leo. Kwa haki lazima niseme, kugusa mto si jambo la kuamka na shoka. Mito ya huku iko chini ya bonde la Ziwa Victoria, lenye bodi yake ya maji, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 haimruhusu kila mtu kuchimba na kugeuza mkondo apendavyo. Na mti nao una sheria zake za misitu. Ruhusa ilipatikana, ila ilikuja peke yake. Haikuja na mashine.

Vijana walijaribu kwa mikono. Shoka, kamba, watu thelathini wanavuta na kuimba. Gogo halikujibu hata kwa salamu. Baba watoto alikaa jioni moja na kalamu akanipigia hesabu: shina upana wa mita 1, urefu mita 10, ni karibu mita za ujazo 8 za mti mbichi uliolowa. Hizo ni tani zisizopungua 5. Nikamwambia angelisema hilo kabla hawajauvuta.

Kijiko kilipatikana kwa bahati. Kijiko ndilo jina la huku la ekskaveta, ile mashine yenye mkono mrefu na beleshi mbele. Kulikuwa na mkandarasi anafanya kazi upande wa Biharamulo, na mashine yake moja ilikuwa inahamishwa, imepakiwa kwenye lori refu lenye tela la chini. Mwenyekiti akazungumza naye. Akakubali kuishusha kwetu kwa siku moja bila malipo ya kazi, mradi tulipe dizeli. Kijiko cha ukubwa ule kinakunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Tukaambiwa tuandae lita 100.

Hapo, mashoga zangu, ndipo kikoba kilipoonekana. Wanaume walipiga simu kwa waheshimiwa, sisi tukafungua sanduku. Tulitoa shilingi 150,000 kutoka mfuko wa jamii, kama mkopo kwa kijiji, na kila kaya ikaongeza 2,000. Tukaweka sharti. Katibu wetu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alisema mbele ya mkutano: fedha hizi zikitoka, na sisi tutakuwepo ukingoni kusema nini kitolewe na nini kibaki. Mzee mmoja akacheka. Katibu akasubiri amalize kucheka, kisha akafunga sanduku, akakaa. Sharti likakubaliwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tulichota maji mpaka saa nne. Huku hakuna bomba kila nyumba, na mashine ikiingia mtoni maji ya chini yote yanakuwa tope. Hilo hakuna mwanamume aliyelikumbuka. Tukawatumia habari wanaochota chini yetu, nao wakawaambia wa chini yao, na tukakubaliana kwamba siku ile hakuna kufua, hakuna kuoga, hakuna kupeleka mbuzi. Si kwa ajili ya tope tu. Ukifungua ukuta wenye maji nyuma yake, maji hayatoki kwa adabu.

Kijiko kilishuka saa mbili asubuhi. Opareta alikuwa kijana wa Mwanza, mwembamba, kofia imemfika puani. Kabla ya kuwasha alimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na ukingo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mashine yako inavuja?"

"Haivuji, Bibi."

"Ngoja nione."

Na kweli akainuka na fimbo yake, akainama akachungulia chini ya mashine nzima, mbele mpaka nyuma, kama mama anayekagua kuku wa kununua. Mkono wa kijiko unasukumwa na mafuta yanayopita kwenye mipira mikubwa, na mpira mmoja ukipasuka juu ya maji, mafuta yale yote yanaingia kwenye ndoo zetu. Bibi hakujua habari za mipira. Alijua tu kwamba mwaka fulani lori lilikufa pale na maji yakanuka mwezi mzima. Kijana hakukasirika. Alimsubiri, akaweka mkeka wa turubai pale alipokusudia kujazia dizeli.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza: hakwenda karibu. Alitembea ukingoni kwa miguu, anapiga kisigino chini, anasikiliza, anarudi nyuma. Mashine ya tani 20 ikisimama juu ya ukingo uliokwisha kuliwa kwa chini, mtatafuta kijiko cha pili cha kuja kukitoa cha kwanza. Akachagua mahali pa mawe, mbali kidogo. Lakini mbali nako kuna taabu yake. Chukua ndoo ya maji, ishike karibu na kifua, utaiweza. Inyooshe mkono mbele uishike vile vile, utaona. Kijiko ni hivyo hivyo: mkono ukinyooka sana nguvu inapungua, na mashine yenyewe inaweza kuinuka nyuma. Kwa hiyo gogo la tani tano asingeliinua zima. Lazima likatwe.

Alianza na takataka. Polepole sana, beleshi moja, anasubiri, beleshi jingine, anasubiri. Vijana walipiga kelele aingie katikati amalize. Hakuwasikiliza. Alikuwa anateremsha maji kidogo kidogo, kama unavyofungua chupa ya soda iliyotikiswa. Ilichukua karibu saa mbili mpaka bwawa likashuka na matawi yakaonekana. Chini ya mto tulimweka kijana na filimbi, na mara mbili aliipiga, na mara mbili opareta akasimamisha mkono hewani mpaka akapata ishara.

Halafu wa msumeno wa moto akaingia, ile chenso. Hapo ndipo penye hatari, na sikupajua. Mti uliolala huru unaukata unavyotaka. Mti uliobanwa, huku mizizi imeshika, huku kichwa kimekwama, katikati maji yanausukuma, umejikunja kama upinde. Ukiukata upande ambao nyuzi zimevutika, unafyatuka. Ukiukata upande ambao zimebanana, unaubana msumeno usitoke. Yule kijana alikata matawi ya pembeni kwanza, akazunguka mara tatu kulitazama shina, akaomba kijiko kilishike kwa juu. Opareta akalilaza beleshi juu ya gogo, akakandamiza kidogo, kama unavyomshika mtoto kichwa asitikisike anaponyolewa.

Kata ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, gogo likalia. Siwezi kuieleza sauti ile, ilikuwa kama mlango mkubwa wa Mji Mkongwe uliokosa mafuta miaka mia. Kijana akaruka nyuma na msumeno wake. Shina likajizungusha nusu, likapiga maji, mashine ikatikisika, na wimbi likatoka pale likakimbia chini huku filimbi inalia. Sote kimya. Mama mmoja karibu yangu alikuwa ameshika rozari, mimi nilikuwa nasoma ninachokijua, na nadhani tulimaliza pamoja. Opareta akatoa mkono dirishani, akapunga. Hakuna aliyeguswa.

Baada ya hapo vipande vikatoka kimoja kimoja, vimefungwa waya mnene na kuvutwa juu. Wakati wa kuvuta hakuna aliyeruhusiwa kusimama sambamba na waya, kwa sababu waya ukikatika unarudi kama bakora, na haumchagui mtu. Saa nane mchana maji yalikuwa yanapita katikati ya kijito, na shamba la maharage linaanza kuonekana matuta.

Sasa ndipo ubishi wenyewe ulipokuja, na kwangu hili ndilo kubwa la siku ile kuliko gogo.

Kilibaki kisiki. Yale mashina ya mizizi yaliyosimama ubavu upande wetu, makubwa kama chumba cha kulala, nusu ndani ya udongo na nusu hewani. Wanaume wakataka king'olewe. Na kwa kuwa dizeli ilikuwa bado, wakataka zaidi: kijiko kishuke ndani, kichimbe mchanga, kinyooshe ile kona, mto uwe safi. Neno lao lilikuwa hilo, safi. Mimi nimeolewa miaka kumi na mbili, na nimejifunza kwamba mwanamume akiona mashine imewashwa, anatafuta cha kuchimba.

Yule bibi akasema hapana.

Hakutoa hotuba. Alisema kisiki kile ndicho kinachoushika ukingo, na nyuma ya ukingo ni shamba la mtoto wake. Akasema kona ile mnayotaka kuinyoosha ndiyo yenye kidimbwi, na kidimbwi ndicho tunachochota Agosti maji mengine yakiwa yamekauka. Nyoosheni, yatapita mbio, yataondoka. Mwenyekiti akasema Bibi, kisiki kikibaki kitakamata takataka tena. Bibi akasema basi zitoeni takataka, mna mikono.

Yule mama wa maharage naye alikuwa na hoja, na haikuwa ndogo. Kisiki kikibaki, maji yanasukumwa kidogo upande wake. Yeye ndiye aliyefurikiwa. Alisimama na matope mpaka magotini akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kila mtu anazungumzia ukingo wa huku, na wa kule hauzungumzwi. Hakuna aliyemjibu haraka.

Katibu wa kikoba akamgeukia opareta. Kaka, wewe unaonaje? Kijana akavua kofia. Akasema kwamba akikitoa kisiki ukingo wote unakuja nacho, hilo ameliona tangu asubuhi alipopiga kisigino. Akasema akichimba chini, tope litakwenda siku nyingi, na maji yakipata mteremko mpya yatakula juu huko ambako hatukuona. Lakini anaweza kukata mizizi ile iliyotokeza katikati ya maji, na vipande vinne vya gogo, vile vizito, avilaze ng'ambo kwa urefu, avizike nusu, viwe kinga ya shamba la huyu mama. Dizeli inatosha kwa hilo. Kwa kuchimba haitoshi.

Ikawa hivyo. Kuvilaza vile vipande kulichukua muda mrefu kuliko kuvitoa, maana alikuwa anavipanga, anaviinua, anavipanga tena, na yule mama anamwonyesha kwa mkono.

Jioni nilimsindikiza bibi kwake. Njiani nikamwuliza kwa nini, kama alitaka kisiki kibaki, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusumbua ofisi gogo litolewe. Alinyamaza hatua kadhaa. Kisha akaniambia kwamba mwaka 1994 alikuwa anaishi upande wa Rusumo. Mnajua, au kama hamjui mjue, kwamba mwaka ule mto Kagera ulileta maiti. Walishuka na maji kutoka Rwanda mpaka Ziwa Victoria, na maelfu walitolewa majini upande wa Uganda na kuzikwa huko, Kasensero na kwengineko. Bibi alisema yeye hawezi kutazama kitu kilichokwama mtoni. Gogo liwe gogo, nguo iwe nguo. Tangu siku zile kabla ya kuchota anatazama juu ya mto kwanza. Wiki zile tatu alikuwa hafiki kabisa pale, wajukuu ndio wakichota. Kisiki kiko ukingoni, akasema, hicho nakijua ni kisiki.

Nilikwenda Rusumo mwezi wa saba, baba watoto alikuwa na kazi huko. Pana daraja jipya, na malori yamejipanga ya kuingia Rwanda. Kuna kituo cha umeme cha megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na mitambo ya aina ile huwekewa nondo nene mbele ya mlango wa maji, maana mto haubagui, unaleta gugumaji, migomba na magogo pamoja na maji. Nilisimama nikatazama gugumaji likipita, kijani kibichi, zuri ukilitazama kwa mbali. Nikawaza vile viatu na kile kigoda cha miguu miwili.

Jirani yangu alijifungua mwezi wa tano, kwa barabara ile ile, mtoto wa kike. Mbuzi wake nimemrudishia, ingawa alishanizoea. Kalvati imejengewa mawe pembeni. Vipande vya mkuyu vilivyobaki viligawanywa: viwili vimechongwa mizinga ya nyuki, kimoja kinu, matawi yakaenda jikoni skuli. Mbao za mkuyu ni laini, milango haitoki humo.

Kisiki kiko pale pale. Kilipofika Novemba na mvua mpya, kikachipua upande wa juu, majani mapana. Jumamosi moja kwa mwezi tunakwenda kutoa kilichokwama kwenye mizizi, wanawake wengi, wanaume wachache. Kidimbwi hakikukauka Agosti, ila kilipungua. Yule mama wa maharage amepanda matete juu ya yale magogo aliyolaziwa, na msimu huu amevuna, ingawa anasema magogo yanamletea nyoka.

Ule mkopo wa 150,000 kijiji kimelipa 90,000. Mwenyekiti anasema iliyobaki ni kahawa ikiuzwa. Katibu ameiandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu.